Protini ya ndengu humfikia mtoto kiasi gani?

Kuna maswali ambayo daktari huyajibu papo hapo, na kuna mengine ambayo humtia haya kwa sababu anajua nusu tu ya jibu. Swali la leo ni la aina hiyo ya pili. Niliulizwa hapa Kinanie, katika kaunti ya Machakos, na mama kijana aliyekuja kliniki akiwa na mtoto wa miezi 16 mgongoni na kopo ndani ya kiondo.

Kopo lenyewe lilikuwa la kupendeza, lenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Maandishi yake yalidai kwamba ndani mna peptidi zilizokwisha kumeng'enywa, tayari kuingia kwenye damu. Mama huyu hufanya kazi ya kibarua katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, na kopo hilo lilikula karibu ujira wake wa juma zima. Aliyemwuzia alimweleza kwamba ndengu ni chakula cha kujaza tumbo tu. Kwamba protini yake haiingii mwilini bali hupita na kutoka jinsi ilivyo. Kwa hivyo kwa muda wa miezi miwili mama aliacha kabisa kumpa mtoto ndengu. Akawa anampa uji mwepesi wa mahindi uliotiwa unga ule, asubuhi na jioni, na kijiko akikijaza nusu ili kopo lisiishe upesi.

Nilifungua kijitabu cha kliniki. Mstari wa uzito uliokuwa ukipanda vizuri hadi mwezi wa 14 ulikuwa sasa umelala kama uwanda wa Athi.

"Daktari," akaniuliza, "ni kweli ndengu haiingii mwilini?"

Nilimwambia si kweli. Lakini alipouliza, "Basi inaingia kiasi gani?" nilibabaika. Nilijua inaingia, ila sikuwa na hesabu mdomoni. Nikamwambia arudie kumpikia mtoto ndengu na kuufanya uji mzito, nikampa siku ya kurudi, na jioni ile nikaketi na vitabu. Niliyoyakuta ndiyo ninayokuletea, kwa maana makopo ya namna hiyo yamejaa madukani, na wewe msomaji huenda unalo moja kabatini.

SHANGA MBILI MBILI

Tuanze na protini yenyewe. Ichukulie kama mshipi mrefu wa ushanga. Shanga zake huitwa asidi amino, na ziko aina 20. Nyama, maziwa, yai, ndengu, mahindi, hata misuli ya mkono wako unaoshika gazeti hili, vyote vimetungwa kwa shanga hizo hizo. Kinachotofautisha protini moja na nyingine ni mpangilio wa shanga na wingi wa kila aina.

Katika shule ya upili tulifundishwa kwamba chakula kikifika tumboni na katika utumbo mwembamba, vimeng'enya huukata mshipi huo vipande vipande mpaka kila ushanga ukae peke yake, na ndipo zinapofyonzwa, mmoja mmoja. Somo hilo halikuwa la uongo, ila halikufika mwisho. Sehemu kubwa ya protini tunayokula huvuka ukuta wa utumbo ikiwa bado ni shanga mbili au tatu zilizoshikana. Shanga mbili zilizoshikana huitwa dipeptidi.

Jambo hili lilijulikana kwa njia ya kushangaza. Mwaka 1956 madaktari wa London waliandika juu ya ugonjwa wa kurithi walioupa jina la familia moja iliyokuwa nao, Hartnup. Wenye ugonjwa huo hushindwa kufyonza baadhi ya asidi amino zikiwa moja moja, na wengine hutokwa na upele kwenye ngozi inayopigwa na jua. Kwa mujibu wa somo la zamani, watu hao wangepaswa kudhoofika vibaya kwa kukosa shanga muhimu, lakini wengi wao hawakudhoofika kiasi hicho. Mwaka 1970 watafiti wa Uingereza wakampa mgonjwa wa Hartnup asidi amino zile zile, ila safari hii zikiwa zimeshikana mbili mbili. Zikaingia. Maana yake ni kwamba utumbo una mlango mwingine.

Mlango huo ulipatikana hasa mwaka 1994, wanasayansi walipoitenga jeni yake kutoka kwa sungura, na mwaka uliofuata ya binadamu. Unaitwa PepT1. Ni protini iliyojikita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, nayo hupokea shanga mbili au tatu kwa mpigo. Ukipiga hesabu, shanga 20 zinaweza kuungana mbili mbili kwa namna 400, na tatu tatu kwa namna 8,000, na mlango huo mmoja huhudumia karibu zote. Zikishaingia ndani ya seli nyingi hukatwa, na shanga moja moja ndizo zinazoingia kwenye damu.

Acha nikatize kidogo. Ikiwa umewahi kupewa vidonge vya sefaleksini kwa sababu ya jipu au kidonda kilichoingia wadudu, basi umeutumia mlango huo huo. Umbo la dawa hiyo linafanana na dipeptidi kiasi kwamba PepT1 huipokea bila kuuliza. Dawa ya valasikloviri, tunayoitumia kwa mkanda wa jeshi, nayo hupitia hapo. Watengenezaji wa dawa wameujua mlango huu kitambo na wanautumia kwa faida ya wagonjwa.

Kwa hiyo kopo la yule mama halikudanganya liliposema kwamba peptidi fupi hufyonzwa vizuri. Lilificha kitu kimoja tu: kwamba utumbo wa mtoto mwenye afya huzitengeneza peptidi hizo wenyewe, kila siku, bure, kutokana na ndengu, uji, maziwa na chochote chenye protini. Kununua protini iliyokwisha kukatwa ni sawa na kumlipa mtu akutafunie muwa na hali meno unayo.

Wapo wasio na meno, kwa mfano huo. Mtoto mchanga ambaye mwili wake unakataa katakata protini ya maziwa ya ng'ombe, na ambaye hapati ya mama, huhitaji maziwa maalumu yaliyokatwakatwa namna hiyo. Baadhi ya wagonjwa walioondolewa sehemu ya utumbo huhitaji pia. Hao huandikiwa na daktari na hufuatiliwa. Hawanunui kwa kusikia sifa.

ALAMA ISIYOONEKANA

Sasa turudi kwa "kiasi gani". Hapa ndipo penye kazi. Ushanga uliotoka kwenye ndengu hauna tofauti na ule uliotoka kwenye yai, wala na ule ambao mwili ulikuwa nao tangu jana. Ukichota damu baada ya mlo ukakuta asidi amino ndani yake, utajuaje kwamba imetoka kwenye sahani na si kwenye misuli ya mtu mwenyewe?

Ungeweza kupima kilichoingia mdomoni na kilichotoka chooni, ukatoa. Ndivyo ilivyofanywa kwa miaka mingi. Lakini katika utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, nao hula protini iliyobaki na kutengeneza yao, hivyo hesabu ya chooni huchanganyika. Ilihitajika alama.

Alama hiyo inaitwa deuteriamu. Unakumbuka kwamba maji yana haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ya kawaida ndiyo atomu nyepesi kuliko zote. Lakini kwa kila atomu takriban 6,400 za haidrojeni katika maji ya bahari, moja ina nyutroni ya ziada katika kiini chake, na kwa hiyo uzito wake ni karibu mara mbili ya wenzake. Hiyo ndiyo deuteriamu. Mmarekani Harold Urey aliigundua mwaka 1931, akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934. Maji yaliyotengenezwa kwayo huitwa maji mazito.

Najua baadhi yenu mmeshtuka kusikia "maji mazito", kwa sababu jina hilo hutajwa pamoja na mitambo ya nyuklia. Ni kweli hutumika huko. Lakini deuteriamu haitoi mnururisho wowote. Haiozi, haichomi. Unayo mwilini mwako hivi sasa, na uliinywa na chai ya asubuhi. Ili imdhuru mnyama, sharti ichukue sehemu kubwa ya maji yote ya mwili wake, na vipimo vya utafiti haviko hata karibu na hapo.

Miaka michache baada ya ugunduzi wa Urey, Rudolf Schoenheimer, aliyekuwa ameikimbia Ujerumani mwaka 1933, akishirikiana na David Rittenberg katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwalisha panya mafuta yaliyotiwa deuteriamu, kisha akayafuatilia mwilini mwao. Watu walidhani mafuta ya mwili hukaa tu kama akiba ghalani. Alama ilionyesha kwamba yanabadilishwa daima, ya jana yakitoka na ya leo yakiingia. Baadaye, kwa kutumia naitrojeni nzito, alionyesha kwamba protini za mwili nazo hufanya hivyo hivyo.

Siku hizi maabara zinaweza kununua dipeptidi ambayo baadhi ya haidrojeni zake zimebadilishwa zikawa deuteriamu. Huuzwa kwa miligramu, ndani ya kichupa kidogo kisichozidi kidole, na kibandiko chake huonya kwamba ni ya utafiti tu, si ya kumpa mtu. Kazi yake ni nini?

Nieleze kwa mfano wa gunia. Una gunia la ndengu na unataka kujua zimo punje ngapi bila kuzihesabu zote. Chukua punje 1,000, zipake rangi nyekundu, zimwage ndani, uchanganye sawasawa. Kisha chota kikombe kimoja uhesabu. Ukipata punje 10 nyekundu na 500 za kawaida, basi kwa kila nyekundu moja zipo 50 za kawaida. Na kwa kuwa ulitia nyekundu 1,000, gunia lilikuwa na punje 50,000. Uzuri wa hila hii ni kwamba hata ukimwaga nusu ya gunia njiani baada ya kuchanganya, jibu halibadiliki, maana nyekundu na za kawaida zimemwagika kwa kadiri moja.

Dipeptidi nzito ndiyo punje nyekundu. Mtafiti huitia kwa kipimo anachokijua ndani ya damu au maji ya utumbo, kisha hupitisha sampuli kwenye mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito. Dipeptidi ya kawaida na pacha wake mzito husafiri pamoja, hupotea pamoja, na mwishoni mashine huwatambua kwa tofauti ndogo ya uzito. Kwa njia hiyo mtu huweza kupima kitu kilicho kichache mno kwa uhakika mkubwa.

Hapa kwetu Kenya deuteriamu imekwisha kutumika kwa jambo linalomhusu kila mama. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi ulioongozwa na Grace Ettyang wa Chuo Kikuu cha Moi, uliofanywa miongoni mwa akina mama wanaonyonyesha katika jamii za wafugaji wa Pokot. Njia hiyo huenda hivi. Mama hunywa maji mazito kidogo, kwa kawaida gramu 30, yaani kama vijiko viwili vya mezani. Maji hayo huchanganyika na ya mwili wake, na sehemu huingia katika maziwa. Mtoto anyonyapo, alama humfikia. Kwa muda wa siku 14 mate ya mama na ya mtoto huchukuliwa na kupimwa. Kutokana na jinsi alama inavyopungua kwa mama na kupanda kisha kushuka kwa mtoto, hujulikana mtoto ananyonya mililita ngapi kwa siku, bila kumpima kwenye mizani kabla na baada ya kila kunyonya. Tena hujulikana kama anapewa maji au vinywaji vingine kando. Mate hayana haya ya kumwambia muuguzi ukweli.

NDENGU ILIYONYWESHWA MAJI MAZITO

Jibu la swali la mama yule nililipata India, na si ajabu, kwa maana Wahindi huila ndengu kama sisi Ukambani, au zaidi. (Wasomaji wa pwani na wa Tanzania huiita choroko au pojo, ni ile ile ya kijani.) Watafiti wa Taasisi ya Utafiti ya St. John's mjini Bangalore walichapisha kati ya mwaka 2018 na 2019 mfululizo wa vipimo vya vyakula vya kawaida, na walivyofanya ni hivi.

Hawakuichukua ndengu dukani wakaipaka alama. Waliinywesha mimea maji yenye deuteriamu ikiwa bado shambani, ili inapotengeneza protini ya punje, alama isukwe humo humo ndani ya shanga. Kisha wakaivuna, wakaipika kama inavyopikwa nyumbani, wakawapa watu waliojitolea wale kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Pamoja nayo wakawapa protini nyingine yenye alama ya aina tofauti, ya kaboni nzito, ambayo ufyonzwaji wake unajulikana. Wakachukua damu na kulinganisha alama mbili. Ikiwa alama ya ndengu ni chache kuliko inavyotazamiwa ukilinganisha na ile nyingine, basi kiasi hicho cha ndengu hakikuingia.

Kazi hii ina mtego wake. Baadhi ya deuteriamu hubanduka kwenye ushanga mwili unapozichezea asidi amino kwa shughuli zake, kama rangi inavyobanduka kwenye punje nyekundu. Mtafiti asiposahihisha hilo atadhani ndengu haikuingia kumbe imeingia na kuvua alama. Walilipima na kulisahihisha. Nalitaja kwa sababu mtu akikuletea tarakimu za utafiti bila kusema zingeweza kumpotosha wapi, una haki ya kumtilia shaka.

Walikuta nini? Kwa watu wazima, ndengu nzima iliyopikwa ilitoa takriban 63 katika kila 100 za asidi amino zake muhimu zikaingia mwilini. Ilipoondolewa maganda ikapanda hadi takriban 71. Ute mweupe wa yai ulikuwa kama 86, na nyama ya kuku 92.

Kwa watoto wadogo walipima vyakula vya kuwaanzishia, na hapa mama wa Kinanie angesogeza kiti karibu. Mchele ulitoa kati ya 78 na 79 katika kila 100, wimbi 68, ndengu 65, na yai la kuku 87.

Basi aliyeuza kopo alishika ukweli kwa mkia. Ndengu humwachia mtoto theluthi moja isiyoingia. Lakini theluthi mbili huingia, na huo ni umbali mkubwa kutoka kwa "hupita na kutoka jinsi ilivyo".

Kinachozuia ile theluthi ni nini? Kwanza ganda, ambalo ni gumu na lina tanini, kile kitu kinachokausha ulimi unapotafuna ndizi mbichi. Tanini huishikilia protini isikatwe. Pili, punje za jamii ya kunde zina vizuizi vinavyofunga vimeng'enya vya kongosho visifanye kazi. Moto na maji huviharibu vizuizi hivyo kwa sehemu kubwa. Ndengu iliyolowekwa usiku, maji yakamwagwa, ikachemshwa mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili, si sawa na ile iliyopikwa haraka haraka kwa kuogopa kumaliza makaa.

Neno juu ya magadi. Najua huivisha upesi, na bei ya makaa tunaijua. Lakini magadi huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye ndengu. Kwa chakula cha mtoto, kuloweka ni bora.

HESABU YA SUFURIA

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye kilo 9 anahitaji takriban gramu 10 za protini kwa siku. Nusu kikombe cha ndengu iliyoiva, kama gramu 100 hivi, ina gramu 7 za protini. Chukua 65 katika 100, unabaki na gramu 4 na nusu zinazoingia mwilini. Yai moja lina gramu 6, na zinazoingia ni zaidi ya 5. Maziwa ya mama, ikiwa bado ananyonya, na ningependa aendelee hadi miaka miwili, yana karibu gramu 1 kwa kila mililita 100. Unaona kwamba nusu kikombe cha ndengu, yai, na kunyonya mara kadhaa vimekwisha kuifikia haja yake kabla hujahesabu uji. Siku isiyo na yai, ongeza ndengu au maziwa.

Sasa pima kopo. Nusu kijiko cha chai cha unga mkavu, mara mbili kwa siku, ni kama gramu 3. Hata kama ungekuwa protini tupu, na hata kama ungeingia wote bila kupotea chembe, bado ungeshindwa na nusu kikombe cha ndengu ya sokoni. Niliipiga hesabu hii mara mbili jioni ile, maana niliona haya kwamba sikuwa nimeipiga mbele ya mama.

Lakini kwa maoni yangu kosa kubwa zaidi lilikuwa ule uji mwepesi. Mtoto akikosa nguvu za kutosha kutokana na wanga na mafuta, mwili wake huichukua protini na kuichoma kama kuni badala ya kujengea misuli na mifupa. Unaweza kumpa protini ya bei ghali kuliko zote, ikaishia jikoni mwa mwili. Uji wa mtoto uwe mzito, usidondoke upesi kwenye kijiko, utiwe mafuta kidogo au maziwa au karanga zilizopondwa.

Tena ndengu na nafaka ni ndugu wanaosaidiana. Mahindi na wimbi yana upungufu wa ushanga mmoja uitwao lisini, na ndengu inao kwa wingi. Ndengu nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Bibi zetu wa Ukambani waliochanganya ndengu na muthokoi hawakusoma kemia, ila sahani yao ilikuwa sahihi. Na muthokoi wenyewe ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda. Kinu kile kile kinaweza kuparaza ndengu, ukaipepeta maganda, ukapika mtoto akala iliyo laini. Madukani mjini huuzwa ikiwa tayari imekobolewa, ya manjano, kwa jina la dali. Kwa asiye na kinu, iloweke, isugue kwa viganja ndani ya maji, maganda yaelee uyamwage.

Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kenya wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, lakini karibu mtoto mmoja katika kila watano si jambo la kupita kimya, na wengi wao wamo katika nyumba ambazo ndengu inapatikana.

Zipo hali ambazo ndengu pekee haitoshi na hupaswi kungoja. Mtoto akivimba miguu yote miwili, au utepe wa kupima mkono ukionyesha chini ya sentimita 11 na nusu, au akikataa kula kabisa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huyo anahitaji chakula cha tiba, na hutibiwa kwa utaratibu maalumu. Utepe ukiwa kati ya 11 na nusu na 12 na nusu, yuko kwenye ukingo, aonwe na muuguzi juma hilo. Mwenye uzito uliosimama kwa miezi miwili, kama yule wa Kinanie, achunguzwe pia minyoo, kuhara kusikokoma, kifua kikuu na upungufu wa damu. Nilimchunguza yule mtoto. Hakuwa na lolote isipokuwa njaa iliyofunikwa na uji.

Mama alirudi baada ya majuma sita. Mtoto alikuwa ametoka kilo 8.7 hadi 9.2. Safari hii nilikuwa na jibu, nikamwambia: theluthi mbili, na ukitoa maganda inazidi kidogo. Akacheka, akasema mama yake mzazi alimwambia zamani atoe maganda, akadhani ni ushamba.

Nilimwuliza kopo liko wapi. Alilirudisha dukani, wakakataa kulipokea kwa sababu lilikuwa limefunguliwa. Unga uliobaki aliumalizia kwenye uji wake mwenyewe. Kopo analo, lina kifuniko kizuri kisichoingiza wadudu, na ndimo anamowekea ndengu.